Nani anakesha na mtoto wodini?

*Michango ya jamii hujenga majengo na kununua mashine za hospitali za watoto. Mshahara wa muuguzi na kitanda cha mama ndivyo vinavyokosa wa kuvibeba.*

Mtoto njiti mwenye uzito wa kilo moja na robo hana nguvu ya kunyonya. Hulishwa kwa mpira mwembamba unaopitishwa puani au mdomoni hadi tumboni, kwa kawaida kila baada ya saa tatu, usiku na mchana. Kabla ya kumpa maziwa, muuguzi huhakikisha mpira haujahama, hupima kiasi, huyaacha yateremke polepole, kisha huandika kwenye chati. Hata kwa mikono iliyozoea, kazi hiyo inakula kama dakika kumi.

Zamu ya usiku ya saa 12 ina milo minne. Muuguzi aliyeachiwa watoto 12 wa namna hiyo ana milo 48 ya kutoa. Hizo ni dakika 480, yaani saa nane kamili. Bado hajapima joto la mtoto hata mmoja, hajachoma dawa, hajaangalia dripu, hajasafisha pua ya mtoto aliye kwenye mashine ya kusaidia kupumua, wala hajampokea mtoto mpya anayeletwa mbio kutoka chumba cha kujifungulia.

Katika wodi za watoto wachanga za hospitali nyingi za umma Afrika Mashariki, muuguzi mmoja kubaki na watoto zaidi ya kumi ni jambo la kawaida, hasa usiku. Viwango vya Uingereza vinataka muuguzi mmoja kwa kila mtoto aliye mahututi, mmoja kwa wawili walio katika hali ya kuangaliwa kwa karibu, na mmoja kwa wanne wanaohitaji uangalizi wa kawaida.

Pengo hilo ndilo suala kubwa la hospitali za watoto leo, na ndilo lisiloonekana siku mgeni rasmi anapokuja kukata utepe.

Kazi inayoachwa bila mtu kuiona

Watafiti waliofuatilia huduma katika wodi za watoto wachanga za hospitali sita jijini Nairobi walitumia njia rahisi na ngumu kwa wakati mmoja: walikaa wodini wakiangalia. Kila kazi ambayo mtoto alistahili kufanyiwa waliiandika, kisha wakaandika kama imefanyika. Matokeo yao yalionyesha kwamba sehemu kubwa ya kazi hizo haifanyiki, na kadiri watoto wanavyoongezeka kwa kila muuguzi ndivyo nyingi zaidi zinavyoachwa.

Zinazoachwa kwanza ni zile ambazo kukosekana kwake hakupigi kelele. Dawa ya antibiotiki ina saa yake na karatasi yake, kwa hiyo muuguzi huikimbilia. Kupima joto, kumgeuza mtoto, kumweleza mama kinachoendelea, kumsaidia kukamua maziwa, hayo husubiri. Mtoto njiti aliyepoa hafi papo hapo. Hulegea, huacha kupokea maziwa, sukari hushuka mwilini, na asubuhi zamu mpya humkuta katika hali nyingine kabisa.

> Zinazoachwa kwanza ni zile kazi ambazo kukosekana kwake hakupigi kelele.

Tafiti nyingine katika wodi za namna hiyo nchini Kenya zimeonyesha pia jinsi wodi zinavyojiokoa. Kazi za muuguzi huteremka kimyakimya kwa mama, kwa mwanafunzi aliye kwenye mazoezi, wakati mwingine kwa mtu wa usafi. Mama hufundishwa kulisha kwa mpira na mwenzake aliyetangulia kulazwa. Hakuna mwongozo wa maandishi wala anayesimamia, na likitokea kosa hakuna anayejua nani ataulizwa.

Uzito wa jambo hili unaonekana katika takwimu za nchi. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta Tanzania ikipoteza watoto wachanga 24 katika kila 1,000 wanaozaliwa hai, kabla hawajatimiza mwezi mmoja. Nchini Kenya uchunguzi wa mwaka huohuo ulikuta 21. Lengo ambalo mataifa yalijiwekea kwa 2030 ni 12 au pungufu. Nchi hizi mbili zimefanikiwa kupunguza vifo vya watoto waliovuka mwezi wa kwanza, kwa chanjo, vyandarua na matibabu ya malaria. Siku 28 za mwanzo ndizo zimekuwa kaidi, kwa sababu hapo sindano moja haitoshi. Panahitajika mtu wa kumwangalia mtoto saa baada ya saa.

Hospitali zilizozaliwa na michango

Hospitali za watoto karibu kila mahali zina historia ya kuchangiwa. Great Ormond Street ya London ilifunguliwa Februari 1852 na daktari Charles West ikiwa na vitanda kumi tu, katika mji ambao hospitali za kawaida hazikupenda kulaza watoto. Mwandishi Charles Dickens aliipigia debe magazetini, na mwaka 1858 akasoma kazi yake hadharani ili kuichangia. Mwaka 1929 J. M. Barrie aliikabidhi haki zote za kazi yake ya Peter Pan, akaomba kiasi kinachopatikana kisitangazwe. Haki hizo zilipokwisha muda wake, Bunge la Uingereza lilitunga kifungu maalumu mwaka 1988 ili hospitali iendelee kulipwa nchini humo bila kikomo.

Cape Town, raia walichanga fedha za kuwaenzi askari wa Vita vya Pili vya Dunia, na badala ya kusimamisha mnara wakajenga hospitali ya watoto ya Red Cross, iliyofunguliwa 1956. Nairobi, hospitali ya Gertrude's iliyoko Muthaiga ilianza 1947 kwenye ardhi iliyotolewa na mlowezi Ewart Grogan kwa kumbukumbu ya mkewe.

Mfano wa karibu zaidi uko Eldoret. Hospitali ya watoto ya Shoe4Africa, iliyofunguliwa 2015 ndani ya Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi, ilitokana na juhudi za Toby Tanser, mkimbiaji aliyewahi kufanya mazoezi na wanariadha wa Kenya na kuandika vitabu juu yao. Fedha zilikusanywa kwa miaka, nyingi kupitia kwa wakimbiaji. Ni jambo la kujivunia kwamba mchezo uliolipatia Bonde la Ufa jina duniani ulirudi na kuwajengea watoto wake wodi.

Lakini jengo lilipokwisha, madaktari na wauguzi wake wakawa wa hospitali ya umma, chini ya bajeti ya umma. Ndivyo ilivyo pia London: tangu 1948 mishahara ya Great Ormond Street iko katika huduma ya afya ya taifa, na michango hubeba utafiti, vifaa, nyumba za wazazi na ukarabati. Jamii hujenga, serikali huajiri. Mgawanyo huu hufanya kazi vizuri pale tu ambapo upande wa pili unaajiri kweli.

Hoja ya mfadhili na hoja ya serikali

Kwa nini basi wafadhili hawalipi wauguzi? Wana sababu, na si za kupuuzwa.

Mashine hununuliwa mara moja. Mshahara hauishi. Kampuni au kikundi kinachotoa fedha mwaka huu hakina uhakika wa kuwa nazo mwaka ujao, na muuguzi aliyeajiriwa kwa mradi huondoka mradi unapofungwa, akiacha pengo na wenzake wenye kinyongo kwa sababu alilipwa zaidi yao. Wapo pia wanaoona kwamba kulipia ajira za hospitali ya umma ni kuiondolea serikali wajibu wake. Na ukweli ni kwamba mashine hupigwa picha. Mfano wa hundi ukikabidhiwa mbele ya mashine mpya, waliochangia huona fedha zao zilikokwenda.

Serikali nazo hujibu kwa ukomo wa bajeti ya mishahara. Tanzania ina vituo vinavyolalamikia upungufu wa ikama, na wakati huohuo ina wauguzi waliohitimu, wenye leseni, wanaosubiri vibali vya ajira. Baadhi ya hospitali huwachukua kwa mkataba na kuwalipa kwa mapato ya ndani, wengine hujitolea kwa posho. Kenya ilihamishia huduma za afya kwa kaunti mwaka 2013, na mvutano wa nani anadaiwa nini haujatulia. Madaktari waligoma siku 100 kuanzia Desemba 2016, na baadaye mwaka 2017 wauguzi wakagoma kwa karibu miezi mitano.

Mgomo wa madaktari wa 2024 ulidumu siku 56, na kiini chake kilikuwa madaktari wanagenzi. Serikali ilitaka kuwalipa shilingi 70,000 kwa mwezi, chama chao kikashikilia makubaliano ya 2017 yaliyotaja takriban 206,000. Wanagenzi hao ndio wanaoitwa saa nane za usiku mtoto anapoacha kupumua.

Juu ya hayo kuna wanaoondoka. Mwaka 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya kupeleka wauguzi wasio na ajira. Wazo lilikuwa kuwapatia kazi waliokosa nafasi nyumbani. Hata hivyo wanaoajirika kirahisi ughaibuni ni wenye uzoefu, na uzoefu wa wodi ya watoto mahututi hupatikana kwa miaka. Mtu wa namna hiyo akiondoka, vijana wawili waliotoka chuoni jana hawajazi nafasi yake.

Mashine zinazolala stoo

Hoja kwamba mashine hununuliwa mara moja ina kasoro. Uchunguzi uliochapishwa 2011, uliokusanya taarifa za vifaa zaidi ya 112,000 katika nchi 16 zenye kipato kidogo, ulikuta kwamba karibu asilimia 38 havikuwa vikifanya kazi. Kifaa cha joto cha mtoto kinaweza kusimama kwa kukosa kipande kidogo. Mashine ya oksijeni iliyotolewa kwa moyo mweupe huja na plagi isiyolingana, au na kichujio kisichouzwa nchini. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, huungua.

Programu ya NEST360, inayofanya kazi Tanzania, Kenya, Malawi na Nigeria, imelichukulia somo hilo kwa uzito. Vifaa vyake vya wodi za watoto wachanga, pamoja na ile mashine ya kusaidia kupumua inayosukuma hewa puani huku ncha ya mpira wake ikitoa mapovu ndani ya maji, huandamana na vipuri, mafunzo ya wauguzi, na mafunzo ya mafundi wa vifaa tiba. Fundi huyo hatajwi mara nyingi katika hotuba. Anastahili kutajwa, kwa sababu bila yeye mchango wa mamilioni hugeuka sanduku la chuma kwenye kona ya stoo.

Mashine ya mapovu nayo haijiendeshi. Vijiti vya puani vikihama, mtoto hapati shinikizo la hewa. Vikibana, ngozi ya pua huchanika. Lazima mtu apite na kuangalia, tena na tena. Kila mashine inayoongezwa wodini huongeza kazi ya muuguzi yuleyule mwenye milo 48.

> Kila mashine inayoongezwa wodini huongeza kazi ya muuguzi yuleyule.

Zawadi ya mtu

Ipo michango iliyoelekezwa kwa watu moja kwa moja, na matunda yake yanaonekana. Kwa miaka mingi watoto wa Zanzibar na Tanzania Bara wenye matatizo ya moyo walisafirishwa nje kupasuliwa, wengine India, wengine Israel kupitia shirika la Save a Child's Heart. Shirika hilo halikuishia kwenye tiketi za watoto. Lilimchukua daktari wa Kitanzania, Godwin Godfrey, likamsomesha kwa miaka kadhaa upasuaji wa moyo wa watoto, naye akarudi kufanya kazi nyumbani. Leo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa 2015 jijini Dar es Salaam, hupasua watoto hapohapo kwenye eneo la Hospitali ya Taifa Muhimbili.

Shirika la Kids Operating Room la Scotland hufuata mkondo unaofanana: huweka vyumba vya upasuaji vya watoto, na pamoja navyo hulipia masomo ya madaktari wa upasuaji wa watoto Afrika. Ufadhili wa masomo una mwanzo na mwisho, kwa hiyo hofu ya mfadhili juu ya mshahara usioisha haipo. Kinachobaki baada ya fedha kwisha ni ujuzi. Ajabu ni kwamba vikundi vichache vya hapa nyumbani vimefikiria kumlipia muuguzi mmoja kozi ya ubingwa wa watoto wachanga, ilhali gharama yake inaweza isizidi ile ya kifaa kimoja kikubwa.

Kenya kumekuwa na jaribio jingine: kuongeza wasaidizi wa wodi waliofunzwa, wanaobeba kazi kama usafi wa vyombo vya kulishia, kuwaelekeza akina mama, kupanga vifaa, ili muuguzi abaki na kazi za kitaalamu. Wapo viongozi wa uuguzi walioipokea hoja hii kwa wasiwasi. Wanauliza msaidizi atasimamiwa na nani, na nini kitamzuia mwajiri kuajiri wasaidizi wa bei nafuu badala ya wauguzi. Wasiwasi wao una msingi. Lakini kazi hizo tayari zinafanywa na watu wasiofunzwa, na msaidizi mwenye mafunzo na msimamizi ni bora kuliko mama aliyefundishwa na jirani yake wa kitandani.

Jamii inayoonekana kidogo

Tarehe 8 Machi, Siku ya Wanawake, wodi za watoto hujaa wageni. Vikundi vya akina mama huja na sabuni, nepi, khanga, sukari na unga wa uji. Misikiti na makanisa hufanya hivyo katika siku zao. Misaada hiyo midogo hupokewa kwa furaha ya kweli, kwa kuwa mzazi aliyelazwa na mtoto kwa wiki tano amekwisha maliza alichokuja nacho.

Gharama kubwa kwake mara nyingi haipo kwenye dawa. Ni nauli, chakula, na kibarua alichokiacha. Maofisa wa ustawi wa jamii wa hospitali hulijua hili kuliko mtu yeyote. Wao ndio huandika misamaha ya malipo, hutafuta ndugu waliopotea, humpigia simu mwenyekiti wa mtaa. Katika tiba ya saratani, ambayo huchukua miezi, familia inayokosa pa kulala mjini hurudi kijijini kabla dozi haijaisha. Ndiyo maana Tumaini la Maisha, asasi inayoshirikiana na Muhimbili kutibu watoto wenye saratani, inahesabu malazi ya familia kuwa sehemu ya matibabu, pamoja na darasa na michezo. Eldoret, kituo cha Sally Test huwapa watoto waliolazwa nafasi ya kucheza na wahudumu waliosomea kazi hiyo. Mtoto anayecheza hula, na anayekula hupona upesi.

Na kuna mchango usiohitaji stoo kabisa. Taasisi ya Doris Mollel, iliyoanzishwa na mwanamke ambaye mwenyewe alizaliwa njiti, imegawa vifaa katika hospitali nyingi za Tanzania. Pamoja na vifaa, ilipigania kwa miaka likizo ya uzazi ya mama wa mtoto njiti, ambayo awali iliisha mtoto angali wodini au ametoka jana. Sheria za kazi zilirekebishwa mwaka 2025 ili mama huyo aongezewe muda. Mabadiliko hayo yanamfikia mwajiriwa wa Mtwara na wa Kagera kwa wakati mmoja, jambo ambalo hakuna shehena ya mashine ingeweza kulifanya. Yamewaacha nje, hata hivyo, akina mama wasio na ajira rasmi, ambao ndio wengi.

Kitanda cha mama

Mwaka 1978 madaktari Edgar Rey Sanabria na Héctor Martínez wa Bogotá, Kolombia, wakiwa na wodi iliyofurika na vifaa vichache, waliwaambia akina mama wawabebe watoto njiti kifuani, ngozi kwa ngozi. Huduma ya kangaruu ilianza hivyo. Kwa miongo mingi ilitolewa kwa mtoto aliyekwisha tulia tu; aliye mgonjwa alibaki peke yake kwenye mashine, mama akiruhusiwa saa za kutembelea.

Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa 2021 uliuliza itakuwaje mtoto akibebwa tangu saa za kwanza, hata kabla hajatulia. Ulihusisha zaidi ya watoto 3,200 wenye uzito kati ya kilo 1 na chini ya 1.8 katika hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania. Miongoni mwa waliobebwa mapema walifariki asilimia 12.0 katika siku 28. Miongoni mwa wengine, 15.7. Tofauti hiyo ni karibu robo ya vifo, na utafiti ulisimamishwa mapema kwa kuwa haikuwa haki kuendelea kuwanyima upande wa pili.

Kilichofanya hilo liwezekane kilikuwa kitanda cha mtu mzima ndani ya wodi ya watoto mahututi. Mama, au shangazi, au bibi akichoka mama, alilala pale na mtoto kifuani, akapata chakula na mahali pa kuoga. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilibadilisha mwongozo wake, likaelekeza mtoto njiti abebwe mara baada ya kuzaliwa.

Kuutekeleza si kazi nyepesi. Wodi nyingi zilijengwa kwa kupanga vitanda vya watoto ukuta kwa ukuta, mama akipewa kiti cha plastiki au kulala chini kwenye korido. Kuingiza vitanda vikubwa kunataka kubomoa ukuta, vyoo zaidi, maji ya uhakika, na daktari wa wazazi anayekubali kumfuata mama aliyepasuliwa hadi kwenye wodi ya mwanawe. Kunataka pia mlinzi wa getini aliyeambiwa kwamba bibi wa mtoto si mgeni wa saa kumi jioni. Muuguzi bado anahitajika, kwa sababu ndiye anayemwonyesha mama namna ya kushika shingo ya mtoto, kutambua pumzi inayokatika, na kuita. Lakini mtoto mmoja akiwa kifuani mwa mama yake, muuguzi ana mtu wa pili anayemwangalia usiku kucha, na joto la mtoto halitegemei tena umeme.

Vitanda, mashuka, bafu la akina mama na sahani ya wali ni vitu ambavyo kikundi cha mtaa kinaweza kuvilipia bila kusubiri mfadhili wa ng'ambo. Ajira ya muuguzi wa pili katika zamu hiyo hakiwezi. Hiyo inabaki kwenye bajeti ya mwaka ya wizara na ya kaunti, ambako hesabu ya watoto 12 kwa mtu mmoja inaweza kuulizwa na mbunge, diwani au mwakilishi wa wadi yeyote aliyewahi kukabidhi mfano wa hundi katika wodi hizo.